Likizo za Watoto Wenye Vipaji

Na Mwalimu wa Fizikia

Kila mwaka, shule zinapokaribia kufungwa mwezi Juni na mwezi Desemba, wazazi kadha hunijia na swali moja. Husema: "Mwalimu, huyu mtoto wangu ana akili nyingi. Je, hakuna mahali pa kumpeleka likizo hii akajifunza zaidi?" Ni swali zuri, tena ni la haki. Lakini si swali la kujibiwa kwa maneno mawili mlangoni mwa ofisi. Kwa hiyo naomba nafasi katika gazeti letu nilijibu hapa, ili wazazi wote walisome jibu langu, na wanafunzi pia, na walimu wenzangu waliongeze penye upungufu.

Maoni yangu kwa kifupi ni haya. Mahali pa kumpeleka mtoto wa namna hiyo papo, ingawa ni pachache kuliko watoto wanaostahili. Walakini katika hayo machache yaliyopo, mengi hayatufikii kwa sababu hatuna desturi ya kuyatafuta, wala ya kuyatangaza, wala ya kumpa mtoto muda wa kuyafanya. Hayo matatu yamo katika uwezo wetu wenyewe, nasi tungeweza kuyaanza muhula huu.

Kwanza yafaa tuulizane: mtoto mwenye kipaji ni yupi? Wazazi wengi hudhani ni yule anayekuwa wa kwanza darasani. Mara nyingine ndivyo ilivyo, lakini si sikuzote. Serikali yetu yenyewe ina shule za wanafunzi wenye vipaji maalum, kama Ilboru, Mzumbe, Kibaha, Tabora Wavulana, Tabora Wasichana, Kilakala na Msalato, na njia ya kuingia huko ni mtihani. Kwa shule za taifa zima, sioni njia nyingine iliyo rahisi. Lakini mtihani hupima yale tuliyomfundisha mtoto. Haupimi maswali aliyojiuliza mwenyewe, na katika maswali hayo ndimo kipaji kinamojificha kwanza.

Nitatoa mfano. Zamani nilifundisha katika shule nyingine, ambayo sitaitaja. Palikuwa na msichana wa kidato cha pili, mkazi wa Mwananyamala, ambaye katika ripoti alikuwa wa kumi na tisa au wa ishirini. Nyumbani kwao waliuza barafu za ubuyu. Siku moja aliniletea daftari lake la Fizikia akiwa na shida ya hesabu, nami nikaona kurasa za nyuma zimejaa tarakimu. Kumbe alikuwa akiandika yuniti za LUKU kila asubuhi na kila jioni kwa muda wa wiki tano, pamoja na idadi ya barafu zilizotiwa katika friji na saa zilizochukua kuganda. Alitaka kujua kama mama yake apata faida au apata hasara. Alikuwa amegundua kwamba friji ikijazwa usiku, mlango usipofunguliwa-funguliwa, yuniti chache hugandisha barafu nyingi zaidi. Hakuna aliyempa kazi hiyo, wala hapakuwa na alama zake katika ripoti.

Nilimwambia mtoto yule kwamba kazi ya namna ile yaweza kuonyeshwa mbele ya wataalamu. Tukauliza ofisini kama pana tangazo lolote la mashindano ya sayansi. Tukaambiwa halikuja. Mwezi Februari, faili zilipokuwa zikipangwa upya, barua ya mwaliko ilionekana. Ilikuwa imefika mwezi Novemba, ikapigwa muhuri, ikatiwa katika faili, na siku ya mwisho ya kuandikisha ilikuwa imepita tangu Januari. Hapana aliyemchukia mtoto yule. Ni kwamba barua haikuwa kazi ya mtu yeyote hasa. Mwaka uliofuata familia yake ilihama, nami sikujua alikokwenda.

Nimeeleza habari hii kwa sababu watu wengi wakisikia "mafunzo ya likizo kwa watoto wenye vipaji" hufikiri habari za ndege, na dola, na watoto wa matajiri. Yule msichana hakuhitaji ndege. Alihitaji karatasi moja ibandikwe ukutani kwa wakati wake.

Sasa tutazame likizo zetu zinavyotumika. Hapa Kinondoni, toka Magomeni mpaka Bunju, naona njia mbili kubwa. Njia ya kwanza ni tuisheni. Mtoto hufunga shule Ijumaa, na Jumatatu yuko katika banda la tuisheni na wenzake sitini, wakirudia maswali ya mitihani iliyopita. Serikali imekataza mara kadha shule kuendelea kufundisha wakati wa likizo, nayo ina sababu njema, maana mtoto naye ni mtu, yampasa apumzike. Sisemi tuisheni haina maana kwa mtoto aliyebaki nyuma katika hesabu. Lakini mtoto ambaye tayari ajua kukokotoa, kumrudisha kukokotoa yale yale kwa wiki nne ni kumchosha bure. Nimeona watoto waliorudi Julai wakiwa hodari wa kujibu maswali na wavivu wa kuuliza.

Njia ya pili ni kazi za nyumbani na biashara ndogo ndogo. Hii siilaumu. Nyumba nyingi zatutegemea sisi na watoto wetu pia, na mtoto anayejua kuuza vitumbua amejifunza jambo. Lakini yapasa tukiri kwamba mzigo huu haulingani. Mvulana akimaliza kazi yake hutoka, akaenda uwanjani au kwa rafiki mwenye kompyuta. Msichana akimaliza kazi moja hupewa nyingine. Ukiuliza kwa nini wasichana wachache hujitokeza katika mashindano ya sayansi, anza kwa kuuliza saa zao za likizo zinakwenda wapi.

Tena pana wakati mwingine mrefu kuliko likizo zote, nao hatuuhesabu. Mwanafunzi wa kidato cha nne humaliza mtihani mwezi Novemba, na kidato cha tano huanza Julai. Hiyo ni miezi saba au zaidi. Aliyemaliza darasa la saba mwezi Septemba hungoja mpaka Januari. Katika miezi hiyo kijana mwenye akili hana mwalimu, hana ratiba, hana maabara. Wengine husoma kozi za Kiingereza au za kompyuta, na hao ni wenye bahati. Wengi hukaa barazani.

Hebu sasa tulinganishe na michezo. Mtoto mwenye kipaji cha mpira au cha kukimbia ana njia iliyofanyizwa tayari. Shule za msingi zina UMITASHUMTA, nazo za sekondari zina UMISSETA. Kila mwaka watoto huchaguliwa katika shule, wakashindana katika kata, katika wilaya, katika mkoa, na mwisho timu za mikoa hukutana mahali pamoja, aghalabu mwezi Juni. Hukaa kambini, hupewa kocha, na mwalimu huandamana nao. Hakuna mzazi anayeulizwa, "Kwa nini mtoto wako apendelewe?" Watu wote wafahamu kwamba mwenye mbio hawezi kujua mbio zake mpaka akimbie na wenye mbio wenzake. Nami nasema kwamba mwenye hesabu ni vivyo hivyo. Jina lenyewe la UMITASHUMTA ni Umoja wa Michezo na Taaluma. Michezo twaiona kila Juni. Taaluma, je?

Wasomaji wapenzi, katika nchi hii tuna kisa kimoja kinachojulikana duniani kote, nacho chatufundisha jambo hili vizuri kuliko maneno yangu. Mwaka 1963, katika Shule ya Sekondari ya Magamba, Lushoto, palikuwa na mwanafunzi wa kidato cha tatu aitwaye Erasto Mpemba. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu. Desturi ilikuwa kuchemsha maziwa na sukari, kuyaacha yapoe, kisha kuyatia katika friji. Nafasi katika friji ilikuwa ndogo, na Mpemba, akiogopa kuikosa, alitia maziwa yake yangali moto. Baadaye aliona kwamba yake yameganda na ya mwenzake hayajaganda. Akamwuliza mwalimu sababu, akajibiwa kwamba amechanganyikiwa, haiwezekani.

Tazameni alichofanya. Baadaye mwaka ule alikutana na rafiki yake katika mji wa Tanga, ambaye kazi yake ilikuwa kutengeneza na kuuza aiskrimu. Akamwuliza. Rafiki akamwambia kwamba naye hutia yakiwa moto ili yagande upesi. Basi jambo ambalo darasani liliambiwa haliwezekani, mjini lilikuwa desturi ya kazi. Mpemba alipokwenda kusoma Mkwawa, Iringa, aliuliza tena. Darasa likamcheka, na kila alipokosea hesabu wenzake wakasema ni hesabu za Mpemba. Siku moja aliikuta maabara ya Baiolojia iko wazi na mwalimu hayupo, akachukua vyombo viwili, kimoja cha maji ya moto na kimoja cha maji ya bomba, akavitia katika friji akajaribu mwenyewe.

Kisha akaja mgeni, Denis Osborne, mwalimu wa Fizikia katika Chuo Kikuu hapa Dar es Salaam. Mpemba akasimama akauliza swali lake. Wenzake wakacheka tena, lakini mgeni hakucheka. Aliahidi kulijaribu, na aliporudi Dar es Salaam akalijaribu kweli. Mwaka 1969 wote wawili, mwanafunzi na mwalimu, walichapisha habari hiyo katika gazeti la Kiingereza la walimu wa Fizikia, na mpaka leo jambo hilo huitwa kwa jina la Mpemba duniani kote. Wataalamu hawajaafikiana. Wengine hutafuta sababu zake, na mwaka 2016 watafiti wa Uingereza waliandika kwamba walipojaribu kwa uangalifu hawakuliona. Lakini swali la mtoto ambalo bado lashughulisha wataalamu baada ya miaka sitini si swali la kuchekwa.

Sasa nauliza: Mpemba alipata nini kilichomsaidia? Alipata friji. Alipata saa chache zisizokuwa na kengele wala mtihani. Alipata mwenye kazi mjini aliyemweleza ukweli wa kazi yake. Na mwisho alipata mtu mzima mwenye elimu aliyelichukua swali lake. Programu yoyote ya likizo kwa watoto wenye vipaji, hata iwe ya gharama kubwa namna gani, haina zaidi ya hayo manne: vyombo, muda, watu wa kazi, na mtu wa kusikiliza. Mzazi akiambiwa habari za kambi fulani, na apime kwa kipimo hicho.

Basi niwajibu wazazi swali lao. Nitaanza na vilivyo karibu, ambavyo nauli ya mwanafunzi yatosha kuvifikia au karibu kutosha.

Kipo Kijiji cha Makumbusho, hapa hapa wilayani, kilichoanzishwa katika miaka ya 1960, ambamo mna nyumba za makabila mbalimbali zilizojengwa kwa namna ya asili. Mtoto anayependa ujenzi, au historia, au hata hesabu za maumbo, ana kazi ya siku nyingi pale. Ipo Maktaba Kuu ya Taifa, Mtaa wa Bibi Titi Mohamed, iliyofunguliwa na Mwalimu Nyerere mwaka 1967, yenye sehemu ya watoto. Kijitonyama iko Tume ya Sayansi na Teknolojia, ambayo hata kituo cha daladala kimepata jina la Sayansi, na huko huwa pana shughuli za vijana wabunifu. Mikocheni kipo kituo cha wasanii kiitwacho Nafasi Art Space, kilichoanza mwaka 2008. Oysterbay wako wachoraji wa Tingatinga, ambao sanaa yao ilianzishwa na Edward Saidi Tingatinga mwaka 1968, naye aliwafundisha vijana wake kwa kukaa nao wakimtazama. Kunduchi yako magofu ya msikiti wa kale na makaburi yenye nguzo, nao wavuvi wako pale pale, wanaojua maji kujaa na kupwa kuliko mimi mwenye kitabu.

Tena msisahau Sabasaba. Maonyesho ya biashara ya Barabara ya Kilwa, huko Temeke, huanza mwishoni mwa Juni, yaani katika likizo kabisa. Watoto wengi huenda kula na kutazama watu. Mtoto mwenye kipaji aende na daftari, achague mabanda matatu, kama la vyuo vya ufundi VETA au la chuo kikuu, na katika kila moja aulize maswali mawili aliyoyaandaa nyumbani. Wataalamu wamesimama pale tangu asubuhi wakingoja kuulizwa.

Baada ya hapo ziko nafasi za kuomba. Young Scientists Tanzania ni shirika lililoanza mwaka 2011, nalo huwaita wanafunzi wa sekondari wa nchi nzima wafanye utafiti wao wenyewe, wawili wawili, wakisimamiwa na mwalimu, kisha waliochaguliwa huonyesha kazi zao Dar es Salaam. Mfano wake ulitoka Ireland, ambako maonyesho kama hayo yalianza mwaka 1965. Serikali nayo ina mashindano ya kitaifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu yaitwayo MAKISATU, yaliyoanza mwaka 2019, ambayo yana nafasi kwa wanafunzi. Chama cha Hisabati Tanzania hufanya mashindano ya hesabu. Kwa wenye kipaji cha kalamu, Jumuiya ya Afrika Mashariki na SADC hutangaza mashindano ya insha kwa wanafunzi wa sekondari. Kazi za mashindano haya hufanyika vema wakati wa likizo, kwa kuwa wakati wa masomo hapana nafasi. Lakini karibu yote hupitia shuleni na hutaka sahihi ya mwalimu. Mwanafunzi akikaa kimya mpaka Juni, amechelewa.

Na nchi za nje, je? Ziko programu, nazo nyingine ni nzuri sana. Chuo Kikuu cha Johns Hopkins huko Marekani kimekuwa na kituo cha vijana wenye vipaji tangu mwaka 1979, na mafunzo yake ya likizo yamewahi kuigwa na wengi. Chuo Kikuu cha Yale kimewahi kufanya mafunzo ya likizo kwa vijana wa Kiafrika katika nchi kama Ghana, Rwanda na Zimbabwe, bila kutoza ada ya masomo. Lakini mzazi ajue mambo mawili. Kwanza, programu za Ulaya na Marekani hufuata majira yao ya joto, ambayo ni Julai na Agosti, wakati sisi tumekwisha fungua shule. Atakayekwenda huko itambidi aombe ruhusa na kufidia masomo. Pili, nyingi ni za kulipia, na bei yake yaweza kushinda ada za miaka mingi. Kijana akipata nafasi yenye ufadhili kamili, aombe kwa bidii, nasi walimu tumwandikie barua. Lakini mzazi asiuze kiwanja kwa ajili ya wiki tatu.

Hapa yanipasa nitoe onyo. Siku hizi huja matangazo katika simu: mtoto wako amechaguliwa, tuma fedha leo kwa namba hii upate nafasi. Mzazi mwenye matumaini makubwa ni rahisi kudanganyika. Kabla ya kutoa hata shilingi moja, uliza maswali haya. Anayeendesha ni nani, na ofisi yake iko wapi, nawe umefika? Mtoto atafundishwa na nani? Fedha hulipwa benki kwa jina la shirika, au kwa simu ya mtu? Kama watoto watalala huko, nani atalala nao, na wasichana watasimamiwa na mwanamke gani? Je, mzazi aruhusiwa kumtembelea mtoto wake wakati wowote? Asiyeweza kujibu maswali hayo waziwazi hafai kupewa mtoto, hata kama anatoa bure.

Najua wako watakaonipinga. Watasema: "Mwalimu, darasani mna watoto ambao hawajui kusoma vizuri. Kwa nini nguvu zitumiwe kwa wale ambao Mungu amewajalia tayari?" Hoja hii naiheshimu, na mimi mwenyewe nafundisha watoto wa namna zote mbili katika chumba kimoja chenye wanafunzi wengi. Jibu langu lina sehemu mbili. Kwanza, sisemi tuchukue saa hata moja ya mtoto dhaifu. Nazungumza juu ya maabara ambayo likizo nzima imefungwa kwa kufuli, na vitabu vilivyolala. Kuvifungua hakumwibii mtu. Pili, mtoto wa tajiri mwenye kipaji hatakosa pa kwenda. Baba yake atampeleka. Tukikataa kumwangalia mwenye kipaji katika shule ya serikali kwa jina la usawa, tunayemnyima ni mtoto wa maskini peke yake, kama yule msichana wa barafu. Huo si usawa.

Tena hatuhitaji fedha nyingi ili kuanza. Huko Hungaria, tangu mwaka 1894, pamekuwa na gazeti la hesabu kwa wanafunzi wa sekondari. Kila toleo lilitoa maswali, wanafunzi wakapeleka majibu kwa posta, na majina ya waliofaulu yakachapishwa. Nchi ile ndogo ikatoa wanahesabu wa kusifiwa dunia nzima. Mwaka 1962 huko Siberia, katika nchi iliyoitwa wakati ule Umoja wa Kisovyeti, wataalamu wa mji wa Novosibirsk walichapisha maswali magazetini, ili hata mtoto wa kijiji cha mbali ajibu kwa barua. Waliofanya vizuri wakaitwa wakati wa likizo kuja kukaa na kusoma pamoja na wataalamu wenyewe. Chombo chao cha kwanza kilikuwa gazeti. Nasi gazeti tunalo, ndilo hili unalolisoma.

Kwa hiyo naleta mapendekezo matano mbele ya Mkuu wa Shule, Bodi, walimu wenzangu na wazazi.

La kwanza, pawe na ubao mmoja wa matangazo ya nafasi za wanafunzi, na mwalimu mmoja akabidhiwe kazi hiyo pamoja na wanafunzi wawili, mvulana na msichana. Kila barua ya mashindano au mafunzo iandikwe katika daftari siku ifikapo, ibandikwe ubaoni kabla ya siku mbili kupita, na ipelekwe katika makundi ya simu ya wazazi. Barua isiingie katika faili kabla ya kupita ubaoni.

La pili, tuombe kibali cha kufungua maktaba na maabara katika likizo ya Juni, kwa wiki mbili, siku tatu kila wiki, asubuhi tu. Pasiwe na masomo ya muhtasari, wala mtihani, wala mchango wa fedha, ili lisiwe tuisheni kwa jina jingine. Mwanafunzi aje na swali lake na afanye kazi juu yake, mwalimu akiwapo kwa usalama na kwa ushauri. Mimi niko tayari kutoa wiki moja.

La tatu, watakaokuja wasichaguliwe kwa nafasi zao katika ripoti. Kila mwalimu ataje mtoto mmoja ambaye maswali yake humsumbua, na kila mwanafunzi anayetaka alete ukurasa mmoja wa kazi aliyoifanya mwenyewe. Nusu ya nafasi ziwe za wasichana, na zisizojazwa zisigawiwe upesi kabla ya mwalimu kuzungumza na mama zao.

La nne ni kwa wazazi. Nawaombeni saa mbili kila siku ya likizo kwa mtoto, wa kike kama wa kiume, ambazo hatatumwa dukani wala hatashika ufagio. Saa mbili si nyingi, na kazi za nyumbani hazitaharibika. Na akikuuliza jambo usilolijua, sema "sijui, twende tukaulize." Osborne alikuwa mtaalamu wa chuo kikuu, naye alisema hajui. Kuuliza si ujinga, na kwa hakika kusema hujui si aibu.

La tano, gazeti letu litoe maswali ya likizo kila muhula, na majina ya watakaojibu vizuri yachapishwe katika toleo lifuatalo. Mhariri amenikubalia nianze. Maswali ya likizo ya Juni ni haya, na kila mwanafunzi, wa kidato chochote, aruhusiwa kujibu moja au yote.

1. Kwa ruhusa ya mzazi, chukua vikombe viwili vya plastiki vilivyo sawa. Kimoja kitie maji ya bomba, kimoja maji ya uvuguvugu, kwa kipimo kimoja. Vitie pamoja katika friji ya kugandishia, uangalie kila baada ya dakika ishirini. Kipi kimeanza kuganda? Rudia mara tano kwa siku tano. Je, jibu lilikuwa moja kila siku? Usiandike unachodhani nakitaka, andika ulichokiona.

2. Nenda pwani, Msasani au Kunduchi, au muulize mvuvi unayemwamini, uandike saa maji yanapojaa kwa siku saba mfululizo. Kila siku saa hiyo yasogea kwa dakika ngapi? Unadhani ni kwa nini?

3. Soma mita ya umeme ya nyumbani asubuhi na jioni kwa siku kumi. Ni kitu gani nyumbani kwenu kinachokula yuniti nyingi zaidi, nawe umejuaje?

4. Waulize wazee wawili, mmoja mmoja, asili ya jina la mtaa wenu. Kama maelezo yao hayapatani, eleza utamwamini nani, na kwa sababu gani.

Majibu yaletwe katika sanduku lililo mlangoni mwa maktaba, siku ya Ijumaa ya wiki ya kwanza ya muhula. Asiyekuwa na friji wala mita nyumbani aje aniambie mapema kabla ya shule kufungwa, tutatafuta njia.